Shemeji Yangu Vijiti na Kisanduku cha Njia Panda

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alihesabu magari kwenye njia panda kwa miaka ishirini na saba. Idara ya barabara ilimpa stuli, daftari na penseli, basi. Gari likipita, anachora kijiti. La tano likipita, kijiti kinalazwa juu ya vinne. Ndiyo maana tulimwita Vijiti. Hata mezani aliwatazama watoto wakichukua mkate, midomo ikimchezacheza. Mkewe alishakata tamaa zamani.

Enzi zetu neno la mtu lilitosha. Siku hizi hakuna anayeaminiwa mpaka atiwe waya. Wakaleta kihisi, kisanduku cha kijivu kilichofungwa kwenye nguzo kando ya barabara, nacho kikaanza kuhesabu magari bila kuomba hata maji ya kunywa. Mhandisi, binti mpole mwenye kofia ngumu, hakuficha kitu.

"Mzee, kesho mtahesabu pamoja, wewe na kifaa, saa mbili mpaka saa tano. Mkilingana, kinabaki."

"Na mimi?"

Binti akatazama viatu vyake. "Msipolingana, nakirudisha kiwandani, nawe unaendelea."

Jioni mke wangu alimvaa kaka yake. "Punguza hamsini. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Haya, jua! Ukakalie hiyo elimu badala ya stuli."

Nikaona huyu hasaidiki kwa maneno. Asubuhi, saa tatu, nilisimamisha bati chakavu kwenye toroli, nikalisukuma mbele ya nguzo. Kitaa cha kijani cha kile kisanduku kikapepesa. Kimenihesabu! Nikazunguka nyuma ya kibanda cha fundi viatu, nikapita tena. Na tena.

"Mzee, unahama au unahamishwa?" akauliza fundi viatu.

"Shona viatu."

"Nashona. Ila hilo bati nimelisalimia mara tisa, halijaitikia."

Magoti yalilia kama bawaba za mlango wa zamani, lakini sikuacha. Vijiti hakuniangalia hata mara moja. Nikadhani tumeelewana.

Saa tano mhandisi alisoma matokeo. Kifaa: mia sita thelathini na moja. Vijiti: mia sita na kumi na mbili.

"Tofauti kumi na tisa," akasema, uso umemkunjamana. "Hiki kibovu. Kinarudi."

Nilibana kicheko mpaka mbavu zikauma.

"Subiri, mwanangu," Vijiti akasema. "Hujasoma pembeni."

Pembeni mwa ukurasa kulikuwa na mafungu matatu ya vijiti vitano vitano, na vinne vya ziada. Chini yake, kwa mwandiko wake ulionyooka kama rula, aliandika: *Shemeji, na toroli na bati. Si gari.*

Binti akanigeukia taratibu. Fundi viatu akaweka sindano chini. "Kumi na tisa? Mimi nilipotea kwenye kumi na nne."

"Basi hakikukosea hata gari moja," mhandisi akasema kwa sauti ndogo. "Nitakirekebisha kisihesabu matoroli." Akamwomba Vijiti atie sahihi. Shemeji akatia, tena akamsahihishia tarehe.

Kabla ya saa sita stuli ilikuwa imepakiwa kwenye gari la idara. Gari lilipoondoka, nilishindwa kuvumilia.

"Shemeji, nimejimaliza magoti kwa ajili yako, nawe unaniandika?"

"Si ulipita? Ulitaka nifanyeje?" Alikuwa anatazama pale penye alama za miguu ya stuli, mashimo matatu kwenye udongo. "Ningeandika uongo leo, ile miaka ishirini na saba angeiamini nani?"

Nikamwambia ashike bati upande wa pili, twende nyumbani.