Mabeseni Mawili Nyumbani kwa Loy

Saa kumi na mbili asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani ya muhogo, Loy Owori anatoka jikoni na mabeseni mawili ya posho, yaani ugali, iliyochanganywa na dagaa. Moja analiweka nyuma ya banda la kuku. La pili analipeleka upande wa pili wa nyumba, kwenye mlango wa mama mkwe wake. Hapo ndipo anapowafungua mbwa kamba, mmoja baada ya mwingine.

"Bosko, kula. Jimi, na wewe kula," anasema. "Kila mtu na sahani yake."

Loy anafuga kuku sitini wa mayai hapa Mella, wilayani Tororo. Mara mbili kwa wiki hupeleka trei za mayai Malaba, kwa wateja wanaovuka kutoka Kenya. Mumewe, Tom, ni dereva wa lori na haonekani nyumbani mara nyingi. Anayelinda kuku ni Bosko. Kabla yake, wezi walilifagia banda zima mara mbili.

Mwaka jana mama mkwe, bibi Damalie, alianza kusumbuliwa na miguu, wakamchukua kutoka Nabuyoga alikokuwa akiishi peke yake. Alikuja na godoro lake na mbwa wake, Jimi. Mbwa walipigana hata kabla godoro halijateremshwa kwenye pikipiki.

"Nilimwambia, 'Mama, Jimi tumpe jirani,'" anakumbuka Loy. "Akasema, 'Mbwa yangu ikienda, na mimi nakwenda.'"

Loy hakutaka mama mkwe arudi kule akahangaike na ndoo za maji kwa miguu ile. Na Loy hakuweza kumtoa Bosko pia. Bila Bosko, hakuna kuku.

Bibi Damalie ndiye aliyeleta dawa. Katika ukoo wao, ndugu waliogombana huketishwa wakala sahani moja mpaka hasira iwatoke. Basi jioni moja akamimina posho na mifupa katika beseni moja, akawaita mbwa wote wawili.

"Nilifikiri ni kama watoto," anasema, akicheka mpaka anajifuta macho. "Kumbe mbwa haijui maneno ya kupatana!"

Mbwa waliporukiana, Loy aliingiza mkono kuwaachanisha, akaumwa. Kovu lingali kwenye kiganja chake. Alidungwa sindano za kinga ya kichaa cha mbwa, na wiki hiyo mayai hayakufika Malaba.

Edeku, mhudumu wa mifugo aliyekuja kuchanja kuku, alikuta mkono umefungwa bendeji. "Dada, usiweke mkono katikati tena. Wamwagie maji," alimwambia. "Na wazoeane njiani, mbali na chakula."

Tangu hapo, kila jioni Loy hutembea na Bosko ukingo mmoja wa barabara, na bibi Damalie na fimbo yake ukingo wa pili, akimshika Jimi kamba. Mwanzoni barabara nzima ilikuwa kati yao. Polepole pengo likapungua.

"Mama, harusi ya hao mbwa ni lini?" jirani yao Ochen huwapigia kelele.

"Wewe tafuta suti," bibi humjibu. "Wewe ndiyo utasimamia!"

Sasa mbwa hao hutembea bega kwa bega, na miguu ya bibi imepata nafuu. Mfupa ukianguka bado wananguruma, na Loy akienda Malaba hawaachi pamoja. Hilo halimsumbui.

Anapanga kujenga banda la pili kabla ya Krismasi, litakalosimamiwa na bibi na kulindwa na Jimi.

Jumapili Tom ataenda Nabuyoga kuchukua jiwe la kusagia la mama yake. Tangu ahamie hapa, bibi amekuwa akikataa liguswe, akisema atalikuta huko atakaporudi. Wiki hii mwenyewe ameuliza litakaa wapi hapa nyumbani.

"Nimemwambia, 'Mama, chagua, hapa ni kwako,'" anasema Loy. "Popote tu, ila mbali na mabeseni."