Siku mashine yangu ya tambi ilipodhaniwa ni ya kutengeneza bastola

Wakuu, asalaam aleikum, na kwa wasio wa salamu hiyo, habari za leo.

Humu ndani kuna watu wanaandika "hii ni chai" hata kabla hawajamaliza kusoma. Hii si chai. Wallahi yamenikuta mwenyewe, na mashine yenyewe iko jikoni kwangu ninavyoandika.

Mimi ni mama wa Garissa, mzaliwa wa hapa hapa. Nawarudisha miaka ya tisini mwanzoni, nikiwa bibi harusi, hina bado haijafutika mkononi.

Mume wangu kwao ni Kismayu. Vita vilipopamba moto huko, mama yake akavuka mpaka akaja kukaa nasi. Nilimwita hooyo, yaani mama. Mwanamke mrefu, msafi, wa maneno machache mno.

Shida ilikuwa chakula.

Mnajua Wasomali na tambi. Sisi tunaziita baasto. Kwake Kismayu hooyo alikuwa akizitengeneza mwenyewe, kwa mashine ndogo ya Kitaliano ya kuzungusha kwa mkono. Mimi nilichemsha zile za pakiti. Anaonja kidogo, anasema alhamdulillah, anasukuma sahani.

Nilijitahidi jamani. Nikaongeza hiliki, nikapunguza chumvi, nikaacha nyama ya mbuzi nikaweka ya ngamia. Wapi! Waswahili husema mgeni siku ya tatu mpe jembe, lakini mama mkwe utampa jembe gani?

Kisha siku moja akamwambia mume wangu kwamba anarudi Kismayu. Vita viwepo visiwepo.

"Hapa mimi ni mgeni," akasema.

Mume wangu alimsihi mpaka sauti ikakauka. Mimi nilikuwa jikoni nalia, maana niliona ni mimi ninayemfukuza. Kule watu walikuwa wanakufa, na yeye aliona afadhali kule kuliko sahani yangu.

Kabla hajaondoka akataka kwenda Wajir kuwaaga jamaa zake, nikamsindikiza.

Wakati anasalimiana na watu nikatoroka kidogo nikaenda sokoni. Kulikuwa na mzee anauza vitu vikuukuu. Stovu za mafuta ya taa, pasi za makaa, kinu cha kahawa kisicho na droo. Chini ya vyote nikaona chuma chenye roli mbili na mkono wa kuzungusha.

Nikakivuta nje. Mume wangu alikuwa amenieleza mashine ya mama yake mara nyingi, mpaka ningeijua nikiwa nimefumba macho.

"Adeer, hii ni ya nini?" nikamuuliza. Adeer ni ami, ndivyo tunavyowaheshimu wazee.

"Ya kukamua nguo," akasema bila haya. "Soksi hasa."

Sikubishana naye. Nikainunua, nikaizungushia leso, nikaitia guniani chini kabisa. Nilitaka hooyo aifungue mwenyewe tukifika nyumbani, labda atabadilisha nia.

Tulipokaribia Garissa basi likasimamishwa kwenye kizuizi. Siku hizo barabara ile ilikuwa na majambazi na askari hawakuwa na mzaha. Askari mmoja akalipiga teke gunia langu, chuma kikalia.

"Nini hii, mama?"

Sasa hapa, wakuu, msinicheke. Wengi wetu wa huku herufi P inatushinda. Polisi ni bolisi, pilau ni bilau. Na mimi nikiogopa, hata kile Kiswahili cha shule hukimbia. Nikajibu kwa sauti kubwa:

"Afande, ni mashine ya basta tu!"

"Ya nini?"

"Ya basta! Ya kutengeneza basta!"

"Bastola!" akapiga kelele.

Kufumba na kufumbua abiria wote tulikuwa chini, mikono juu. Mashine ikawekwa kwenye benchi lao. Askari mmoja akauzungusha ule mkono polepole huku amegeuza uso pembeni, asije akalipukiwa.

Nikaeleza mpaka jasho likanitoka. Chakula, afande. Tambi. Spageti! Yule aliyeniuliza, koplo wao, akanitazama, akatazama chuma.

"Sawa. Tengeneza tuone. Ukishindwa, wewe na hii mashine mtalala kituoni."

Wakuu, mimi sikuwa nimewahi kuitumia. Sikujua hata unga unaingilia wapi. Nikaona yote yamekwisha. Mashine inaenda, mimi naenda, na hooyo anaondoka na picha ya mke wa mwanawe akiwa na pingu.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu, kwa Kisomali.

"Umeitoa wapi hii?"

"Wajir, hooyo. Nilikununulia wewe."

Akaja mpaka kwenye benchi akaigusa. Alipitisha kidole kwenye roli, moja baada ya nyingine, mpaka koplo mwenyewe akaona aibu kumharakisha. Kisha akafunga mtandio wake nyuma ya shingo, akamgeukia koplo na kumwambia kwa Kiswahili safi cha pwani:

"Mwanangu, ondoa bunduki hapo. Nitafutie unga."

 Kumbe kule Kismayu alikulia kati ya majirani Wabajuni, wasemaji wa Kiswahili, na sisi hatukuwahi kumuuliza.

Abiria mmoja alikuwa na pakiti ya unga wa ngano. Askari walikuwa na sufuria ya maji jikoni. Hooyo akakanda, akaibana mashine kwenye ubao wa benchi, akapitisha donge la kwanza. Likatoka na vumbi jeusi la miaka. Akalitupa.

"La kwanza ni la kusafisha," akaniambia. "Maji usiitie kamwe, itashika kutu. Haya, zungusha."

Nikazungusha. Yeye anakunja, anapitisha, anakaza roli, anapitisha tena. Mwisho akalipitisha upande wa meno ya kukatia, tambi zikateremka, ndefu, sawasawa, akazipokea kwa kiganja. Abiria wakashangilia. Zilipoiva, koplo alizila zikiwa na chumvi tu, tena akaongeza.

"Mama," akamuuliza hooyo akicheka, "na huyu mama wa bastola ni nani wako?"

Nilingoja aseme mke wa mwanangu, maana ndivyo alivyonitambulisha kwa kila mtu.

"Ni binti yangu," akasema. "Mkono wake mzito, lakini atajifunza."

Nilimalizia safari nikilia ndani ya basi, na kwa furaha, wakuu, si kwa kitu kingine.

Kismayu haikutajwa tena. Alikaa nasi miaka mingi, Mungu amrehemu, na mkono wangu ukawa mwepesi.

Nililojifunza: mtu akisusia chakula chako, uliza kwao kilitengenezwa kwa kifaa gani. Na ukinunua kifaa cha zamani, jifunze kukitumia kabla hujasafiri nacho. Mashine yangu haijui stima kukatika, naipangusa kwa brashi kavu tu.

Wenye vinu, majiko na mashine za zamani, karibuni mtupie hapa chini, mlivipata wapi na bado vinafanya kazi?

Mume wangu naye anadai mimi ndiye niliyempora mama yake. Kila nilipokosana naye, hooyo alikuwa akimuuliza kabla hajasikia lolote: "Umemfanya nini binti yangu?"