Ukurasa wa Ng'ombe Mwekundu

Mimi na hasira ni ndugu, na somo la kosti lilitukuta tuko pamoja. Mwaka wa pili chuoni Mpanda tulisoma uhasibu wa gharama na menejimenti, ngazi ya kati, na sisi wanafunzi tuliliita kosti tu, maana jina lake kamili lilikuwa linachosha kabla hujafungua daftari. Mwaka wa kwanza somo hilo lilinichekea. Mwaka wa pili likanionyesha meno. Jaribio la kwanza nilipata alama ambazo sikumwambia mtu, hata mwenzangu niliyepanga naye chumba mtaa wa Shanwe, ingawa yeye alijua kwa namna nilivyoikunja ile karatasi.

Ilibaki kazi ya vitendo. Madam wetu, mama mmoja wa Tanga mwenye sauti ya upole na kalamu isiyo na huruma, alituambia kila mtu aende kwenye shughuli anayoijua, atafute kitu kimoja kinazalishwa kwa gharama gani, halafu ashauri jambo moja la kufanya. Kisha tuje kuwasilisha mbele ya darasa. Kwa alama zangu zile mambo yalikuwa wazi: nikiiharibu hiyo kazi, narudia mwaka.

Na kurudia mwaka kwetu kulikuwa na sura yake. Ada ya kuanzia chuo baba aliipata kwa kumuuza ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Tangu siku hiyo alikuwa akiwaambia watu mnadani, "Mwekundu wangu anasomea uhasibu." Watu wakicheka, yeye hacheki. Nilipoanza mwaka wa pili alinikalisha akaniambia: ukirudia, anayefuata ni yule mweupe. Mweupe alikuwa ng'ombe wa mama. Mama ndiye aliyemkamua, mama ndiye aliyeuza maziwa yake, na sabuni, sukari na nauli yangu vyote vilitoka kwenye kiwele cha yule mnyama. Siku ile mama aliinuka akaenda kumwekea pumba.

Basi Jumamosi moja nikapanda bodaboda hadi kwetu, pembeni mwa kijiji cha Mwamkulu, na daftari jipya na kikokotoo. Niliona kazi nyepesi: nitatafuta gharama ya lita moja ya maziwa ya zizi la baba. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikauliza kwa adabu zangu zote, "Baba, tuna ng'ombe wangapi?"

Aliacha kuchonga.

"Wanatosha," akasema.

"Ni kwa ajili ya chuo, baba. Nataka idadi tu."

"Mayu," akasema, na baba akiniita mayu, yaani mama, ujue nimekosea, "huko chuoni wanawafundisha kumaliza ng'ombe za watu?"

Mimi mtoto wa Kisukuma, mzaliwa wa zizini, na bado nikauliza! Kwetu ng'ombe hahesabiwi. Wazee waliohama kutoka kaskazini na mifugo yao, kijiji baada ya kijiji mpaka Katavi, walikuja na hilo: ukimhesabu ng'ombe unampunguza. Baba husimama mlangoni mwa zizi jioni, anawatazama wakiingia mmoja mmoja, na akikosekana hata ndama anajua ni yupi, bila namba yoyote. Nililijua hilo tangu sijaota meno. Miaka miwili tu ya chuo ilitosha kunisahaulisha.

Na kwa kuwa mimi ni mkaidi, jioni nilijificha nyuma ya ghala nikaanza kuwahesabu kwa kidole. Weee! Nilikuwa nimefika wa nne nikamsikia baba, "Shusha hicho kidole! Toka hapo!" Sijawahi kufukuzwa zizini kwetu, hata utotoni nilipokuwa bingwa wa kumwaga maziwa. Nikaingia jikoni nawaka. Nikamwambia mama kwamba baba anataka nifeli, kwamba mila zake ndizo zitakazomuuza mweupe, kwamba asubuhi narudi mjini. Nililia pia, sifichi.

Mama alikuwa anasonga ugali. "Umemaliza?" akaniuliza. "Haya. Wewe umemuuliza wangapi. Hukumuuliza ni nani na nani. Baba yako muulize habari za ng'ombe mmoja uone, utaomba anyamaze."

Asubuhi nilimwamkia baba upya, shikamoo ya kupiga goti, nikasimama naye mlangoni wakati ng'ombe wanatoka. Nikamwonyesha kwa kidevu, siyo kwa kidole. "Yule wa kijivu, baba, anakulaje?"

Jamani! Baba alifunguka kama mfereji wa shamba la mpunga. Huyu wa kijivu anapenda chumvi kuliko wenzake wote. Huyu mwenye pembe moja kupe wanampenda sana, dawa yake peke yake ni balaa. Huyu mweusi bwana mifugo alimjia mara mbili, na bado maziwa yake hayajazi hata kopo. Mweupe wa mama anakula kidogo, ana aibu, anasukumwa na wenzake, lakini ndoo anaijaza. Kila mmoja nilimpa ukurasa wake: pumba, chumvi, dawa, matibabu, lita.

Nilipofika kwenye pumba ndipo macho yakanifunguka. Darasani nilikuwa nagawa gharama za pamoja sawasawa kwa kila kitu, na ndicho kilichonimaliza kwenye jaribio. Baba naye alikuwa anamwaga pumba sawasawa kwa wote, wanaokamuliwa na wasiokamuliwa, wenye nguvu wakila na za wenzao. Ukigawa gharama sawa kwa viumbe wasiokula sawa, unamsingizia mmoja na kumbeba mwingine. Somo la wiki sita liliniingia nikiwa nimekanyaga mavi ya ng'ombe, na nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu.

Zizi lilipobaki tupu nikafunga daftari. Baba akasema, "Hujamwandika mwekundu."

"Mwekundu si ulimuuza, baba?"

"Mwandike. Anakula Shanwe. Ada, kodi ya chumba, madaftari, sasa na hicho kikokotoo. Maziwa bado."

Baba akitania uso wake haubadiliki, kwa hiyo sikujua kama ni utani. Nikaandika ukurasa wa mwisho.

Siku ya kuwasilisha nilisimama mbele ya darasa na daftari langu. Madam alinisikiliza vizuri, halafu akauliza swali nililoliogopa. "Hao ng'ombe ni wangapi?"

"Hilo siwezi kulisema, Madam."

Nusu ya darasa letu ni watoto wa wafugaji. Walicheka mpaka madawati yakagongana, na mmoja nyuma akapaza sauti, "Hahesabiwi huyo, Madam!"

Nikajikaza. Nikaeleza kwamba namba ya ng'ombe hainisaidii kitu. Nimejumlisha gharama za kila ukurasa, nikajumlisha lita, nikagawa, na gharama ya kuzalisha lita moja ni hii hapa. Ushauri wangu: pumba zifuate anayekamuliwa, na mweupe atengewe chombo chake. Madam akaomba daftari. Akaanza kufunua kurasa moja moja, na nikaona midomo yake inacheza: moja, mbili, tatu... Mkono wangu ulienda wenyewe ukafunika daftari.

"Samahani, Madam. Usihesabu kurasa."

Nikajua nimejimaliza. Kumbe alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaendelea kufunua, safari hii midomo imefungwa, akafika ukurasa wa mwisho.

"Huyu mwekundu," akasema, "gharama zake zinawashinda wenzake wote, na kwenye lita umeweka sifuri. Hata kwenye jumla hukumtia. Mtu wa kosti angeshauri auzwe kesho. Mbona wewe umemnyamazia?"

Nilitaka kujibu kwa kiburi changu cha kawaida, nikajikuta nasema ukweli. "Aliuzwa zamani, Madam. Huyo ndiye mimi."

Madam alinirudishia daftari kwa mikono miwili.

Nilifaulu. Siyo kwa alama za kutangaza mitaani, lakini nilifaulu. Nilimpigia baba simu nikiwa bado nimesimama mbele ya ubao wa matokeo. Nikamsikia akipaza sauti, "Mama watoto! Mweupe wako anabaki!" Mama alipiga kigelegele kilichoniumiza sikio, na mimi nikaanza kulia katikati ya watu kama mjinga.

Jumamosi iliyofuata nikaenda nyumbani. Chombo cha mweupe kilikuwa pembeni, peke yake, na mama alikuwa amekifunika asiingie kuku. Jioni nilisimama na baba mlangoni mwa zizi, mikono yangu nimeifunga nyuma nisije nikanyoosha kidole. Wakaingia mmoja mmoja, naye akiwataja taratibu kwa rangi zao: wa kijivu, mwenye pembe moja, mweusi, mweupe. Alipokwisha kuingia wa mwisho, baba akashika mti wa kufungia zizi, akageuka akanitazama.

"Na mwekundu," akasema, akafunga.