Sekunde Nane za "Washa Feni"

Ukitaka Wembe akurudishie redio yako hivyo hivyo mbovu, mwambie tu kwa furaha kwamba umesikia yeye ndiye aliyetengeneza "Washa Feni". Ataweka bisibisi chini, atakusukumia redio yako juu ya meza, na atakuambia ujaribu kwa fundi mwingine. Watu wa mtaani husema ni maringo. Wengine husema ni kijicho, eti wimbo ulizunguka dunia nzima na yeye akabaki pale pale kwenye kibanda chake cha kutengenezea redio. Waache waseme, usiku watalala. Wembe hana maringo wala kijicho. Ana aibu, na kiini cha aibu hiyo walikijua watu wawili tu, ambao mmoja wao ameshatangulia.

Zamani hizo alikuwa fundi wa mitambo katika studio ya muziki. Jina la Wembe alilipata huko, kwa sababu alikuwa anakata kanda kwa wembe na kuziunga tena hadi hata aliyeimba hajui amekatwa wapi. Studio yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya ghala la matairi, kimoja cha wanamuziki na kimoja cha mitambo, katikati kioo. Ukutani yalibandikwa matrei ya mayai ili kuzuia mwangwi. Darini kulikuwa na feni moja kubwa, nayo ilizimwa kila taa nyekundu ilipowaka, maana kelele yake ilikuwa haivumiliki. Kanda zilikuwa adimu. Wimbo ukishaenda kiwandani kuchapwa santuri, kanda yake inafutwa, unarekodiwa mwingine juu yake, na hakuna anayelia. Ndivyo kazi ilivyokwenda kila mahali, hata kwenye kituo cha redio.

Nyumbani walikuwa wawili, yeye na mama yake. Mama alikuwa mpiga pasi wa hospitali, makoti ya madaktari asubuhi na mashuka ya wodini mchana, na jioni bado alikuwa na nguo za majirani. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na wimbo mmoja tu, usio na maneno, aliouimba chinichini kila alipoinama juu ya meza ya pasi. Wembe alikua nao masikioni, na kwake ulikuwa ni wimbo wa pasi, basi. Alijua pia kwamba aliwahi kuwa na dada, aliyefariki akiwa na miaka saba wakati Wembe mwenyewe bado anatambaa. Lakini dada huyo hakutajwa. Picha yake haikuwepo. Ukiuliza habari zake, unatumwa dukani.

Sasa siku yenyewe. Bendi moja ilikuwa imerekodi wimbo wa mapenzi, mrefu na mzuri, walioufanyia mazoezi miezi mitatu. Lakini santuri ina pande mbili, na upande wa pili ulikuwa mtupu. Gari la kiwandani lilikuwa linakuja saa kumi. Saa saba na nusu Bosi, mwenye studio, akaingia akasema anataka kitu cha disko, hata kiwe cha kipuuzi namna gani, mradi kijaze upande. Wakaanza. Mpiga ngoma akashika mpigo mmoja na hakuubadilisha mpaka mwisho. Mpiga kinanda akaokoteza noti nne. Maneno hayakuwepo, na mwimbaji, jasho likimwingia machoni, akawa anapiga kelele kwa mdundo huo huo: washa feni, jamani, washa feni. Wakacheka, wakayaacha hayo hayo.

Kilichokosekana ni mwanzo. Wembe akakumbuka kaseti iliyokuwa mfukoni mwake. Wiki hiyo alikuwa ametengeneza kinasa sauti cha jirani, na ili kukijaribu alikiwasha nyuma ya mama yake akipiga pasi. Akaitia kaseti kwenye mtambo, akawaambia wenzake huyo ni bi mkubwa wa nyumbani. Sauti ya mama ilikuwa nzito, ya polepole, haipatani na ngoma. Basi akaipandisha kasi. Kasi ikipanda na sauti hupanda, kwa hiyo mwanamke wa miaka hamsini na ushee akageuka mtoto wa kike, sauti nyembamba, changamfu, kama ya mtu anayeruka kamba. Chumba kizima kikashangilia. Wembe akaihamishia sauti hiyo kwenye kanda, akakata sekunde nane, akazibandika mbele ya wimbo, na ilipokaribia saa kumi kanda ilikuwa imeshafungwa kwenye boksi. Haraka haraka haina baraka, ndivyo tunavyoambiwa, lakini haraka ile ilikuja na baraka za kumwaga.

Hakumwomba mama ruhusa. Wala hakumwambia. Halikumjia hata akilini, na msimwonee huruma kwa hilo. Mtu anayeshinda akikata sauti za wenzake hufika mahali akaziona kama vitambaa vya fundi cherehani.

Wimbo wa mapenzi wa miezi mitatu haukusikika kabisa. Watu waligeuza santuri, na ndani ya mwezi mmoja kila kinyozi na kila baa ilikuwa inapiga "Washa Feni". Magazeti yakauliza mtoto huyo wa mwanzoni ni nani. Bosi, mjanja wa kutupwa, akajibu kwamba hiyo ni siri ya studio.

Mama aliusikia kupitia dirisha la chumba cha pasi, kwenye redio ya fundi viatu aliyekuwa anakaa nje ya ukuta wa hospitali. Pasi ilibaki juu ya koti la daktari mpaka moshi ukatoka. Wenzake walidhani ameugua ghafla, wakamwambia aende nyumbani. Wembe aliporudi jioni alimkuta amesimama mlangoni, hajavua hata aproni ya kazini.

"Umemtoa wapi?"

"Nani, mama?"

"Dada yako."

Ndipo alipomsimulia jambo ambalo hakuwahi kulisimulia. Dada yake alipokuwa darasa la kwanza, shuleni kwao alikuja bwana mmoja wa redio na mashine kubwa, akawarekodi watoto wakiimba mmoja mmoja. Wiki tatu baadaye homa ya uti wa mgongo ikamchukua mtoto kwa siku mbili. Mama alikwenda kituo cha redio mara nne, kwa miguu, kuiomba ile kanda, na mara ya nne karani akamwambia kwa upole kwamba imeshafutwa. Basi akabaki na wimbo wenyewe tu, ule mtoto aliomwimbia bwana wa redio, akawa anauimba kwenye pasi usije ukampotea na wenyewe. Kumbe hawakuifuta! Kumbe mwanawe, kwa kuwa kazi yake ni kanda, amemtafuta dada yake kimya kimya mpaka amempata. Mama alimshika mikono yote miwili akaiombea heri, analia na kucheka kwa pamoja.

Hapo ndipo pa kusema. Maneno saba tu yalitosha: mama, ile ni sauti yako, nimeipandisha kasi. Wembe akautazama uso wa mama yake, uso ambao hakuwahi kuuona hata siku moja katika miaka yake ishirini na sita, na moyo ukamnywea.

"Niliikuta kwenye kanda za zamani, mama," akasema.

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na huyu alichelea mama kulia, ikawa ni yale yale.

Tuwe wakweli, miezi iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote waliyoishi katika nyumba ile. Mama alifunguka. Kila jioni alikuwa na jipya la kumsimulia: mtoto alivyokuwa anaogopa kuku, alivyokataa katakata kuvaa kiatu cha kushoto, alivyombeba Wembe mgongoni akamwangusha kisha akaapa kwamba mtoto amejirusha mwenyewe. Wembe alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Akiwa na ndevu zake alipata dada, akampenda, akaanza kumwota. Mama alinunua redio ndogo akaiweka dirishani. "Washa Feni" ikianza, aliinua kidole na nyumba nzima inanyamaza, hata mgeni aliyekuwa katikati ya maneno. Ngoma zikiingia tu, anaipunguza sauti. Hayo mengine, alisema, ni makelele ya wahuni.

Kisha akataka zaidi, na nani angemlaumu? Mtoto aliimba wimbo mzima siku ile. Na alipomaliza, yule bwana alimuuliza jina lake, naye akalitaja kwa sauti kubwa hadi darasa likacheka. Mama alitaka kumsikia akilitaja jina lake. Hakutaka kingine duniani. Wembe akamwambia kanda imefungiwa kabatini. Wiki iliyofuata Bosi alikuwa amesafiri na funguo. Baadaye mtambo wa kuisomea ulikuwa umeharibika, tena ni yeye fundi mwenyewe anayesema hivyo, hana hata soni. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu kila alipofika mwisho wake aliirefusha. Kila asubuhi aliapa kwamba leo atasema, na kila jioni alikuta sahani yake imefunikwa na mama ana kisa kingine cha dada, akajitia hamnazo.

Wakati huo wimbo ulikuwa umeshapanda ndege. Wakala mmoja aliubeba kwenye sanduku lake, na miezi sita baadaye barua zikaanza kuja kutoka nchi ambazo theluji inafika magotini, na huko watu walikuwa wanaruka kwenye madisko yao wakiimba washa feni, washa feni, bila kujua wanaomba upepo. Bosi alizitundika barua hizo ukutani, juu ya matrei ya mayai. Mwishowe wakaja wageni wanne na kamera. Walitaka kumpiga picha mtoto mwenye sauti ile.

Kumbe siku hiyo hiyo mama naye alikuwa amechoka kusubiri. Alivaa gauni lake la kijani la kutokea, akaomba ruhusa ya saa moja kazini, akaenda studio kumwomba Bosi hiyo kanda yeye mwenyewe, mtu mzima kwa mtu mzima. Wembe alikuwa nyuma ya kioo. Alimwona anaingia upande wa pili, anamwamkia Bosi, anajitambulisha. Kioo kile hakipitishi neno. Aliona tu uso wa Bosi ukichanua, mikono ikirushwa juu, wageni wakigeuka, kamera ikiinuliwa begani. Alimwona mama akiinamisha kichwa kwa shukrani.

Wote wakaingia chumba cha mitambo. Bosi akasema mama amekuja mwenyewe kusikiliza, ni bahati iliyoje, basi waisikie ile kaseti yenyewe kabla ya ngoma. Akafungua droo ilimobaki kaseti tangu siku ile, akaitoa, akaitia kwenye mtambo kwa mkono wake. Wembe angeweza kuing'oa. Angeweza kumtoa mama nje na kumwambia pale penye matairi, wawili tu, bado palikuwa na nafasi ya pumzi mbili au tatu. Alisimama kama gogo.

"Washa, mwanangu," mama akamwambia.

Akawasha. Kwanza ikasikika pasi ikiwekwa kwenye kishikio chake. Kisha maji yakinyunyizwa juu ya nguo. Kisha mwanamke, mzito, wa polepole, anaimba chinichini. Mama alisubiri kwa heshima zake zote, kama unavyosubiri mtu mzima amalize ili mtoto apewe nafasi. Mwanamke hakumaliza. Mama akamwinamia Wembe akamuuliza kwa kunong'ona mtoto ataanza lini.

Bosi alilisikia swali, akacheka, akaona hapa ndipo pa kuwaonyesha wageni ufundi wa studio yake. Akashika kitufe cha kasi. Akakipandisha, yule mwanamke akawa mtoto. Akakishusha, mtoto akawa mwanamke. Akapandisha tena, akashusha tena, wageni wakiangua vicheko vya furaha. Mama hakutazama kamera wala wageni. Aliutazama ule mkono, unapanda na kushuka, mpaka alipoelewa. Kisha akageuka kwa mwanawe.

"Mara ya kwanza nilimzika na watu wachache," akasema, na hakupandisha sauti hata kidogo. "Leo umeniitia mpaka wageni."

Wageni hawakuelewa hata neno moja. Wakapiga makofi, na mmoja wao akamwomba Bosi amwambie mama aimbe kidogo mbele ya kamera.