Mashua Lamboni

Kila ninapopita mahali wanapochemsha lami ya barabara, hupunguza mwendo niivute ile harufu. Baba aliichemsha kwenye debe uani kwetu Karatu, akaziba nayo nyufa za mashua aliyoiunda kwa mbao za grevilea. Ziwa halikuwa karibu. Majirani walichungulia juu ya ua wa minyaa wakamuuliza, "Utavua viazi?" Baba alicheka nao, akaendelea kupigilia misumari.

Siku ya kuijaribu, maksai waliikokota mpaka kwenye lambo la kunyweshea mifugo, na watu wengi wakafuata. Mashua ikaelea. Lakini Baba alibaki ukingoni ameshika kamba, haingii.

Mama, aliyelalamika msimu mzima kwamba hana pa kuanika mahindi, alinipa mtoto nimbebe, akavua kandambili, akaingia mashuani.

"Wewe hujui kuogelea," Baba alimwambia.

"Sikuja kuogelea, Baba watoto. Njoo upige kasia."

Baba akaingia. Walilizunguka lambo mara tatu, Mama amekaa wima kama yuko kanisani, na tulipomwita ashuke nasi tupande, alijifanya hasikii.