Ufukwe Usiokuwa na Ng'ambo

Juzi Jumamosi nilikaanga dagaa hapa Plano, kwenye apatimenti ambayo madirisha yake hayafunguki hata nusu, na harufu ikakataa kutoka. Wewe unawajua dagaa; wakishaingia kwenye pazia, wamehamia. Nilikaa nao jioni yote, na polepole nikajikuta nimerudi kwenye gari la baba, lile lililokuwa na harufu hiyohiyo, tukielekea Matagorda, ufukwe wa mbali huko kusini mwa Houston. Nilikuwa na miaka kumi.

Wakati huo tulikaa Sharpstown, mtaa wa Houston, mimi na baba tu. Mama alikuwa amebaki Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi. Tulipoitwa kusafiri kuja huku, madaktari waliona kitu kwenye kifua chake, wakasema amalize dawa kwanza, sisi tutangulie, yeye atatufuata. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya, akabaki naye. Basi tukatangulia.

Baba alifanya kazi usiku kwenye ghala la vyakula vya baridi. Anarudi mimi natoka kwenda shule, nikirudi amelala, akiamka ni kujiandaa kutoka. Tulisemezana kwa masufuria. Nikikuta maharage jikoni, najua amenikumbuka. Akikuta ugali umefunikwa kwa sahani, anajua nimekula. Kabla ya kulala, jirani yetu wa mlango wa pili, muuguzi kutoka Kenya, alikuwa akigonga ukuta taratibu, nami nagonga kumjibu. Kuna siku ambazo mazungumzo yangu na mtu mzima yalikuwa ni hayo tu.

Baba aliniambia mama atakuja shule zikifungwa, na mimi nikaanza kumwandalia. Nilisogeza nguo zangu upande mmoja wa kabati, upande wa pili nikauacha mtupu, na kila nikitoka shule naupangusa vumbi. Nilijifunza kusonga ugali usio na madonge, ili akija asinikute bado mtoto. Chakula kikichelewa baba alikuwa na msemo wake, "Ngoja ngoja huumiza matumbo," na mimi nacheka, maana nilidhani ni habari ya njaa.

Kisha Jumapili moja alirudi kutoka kazini na hakulala. Aliwasha jiko, akakaanga dagaa na vitunguu, akaufunga ugali kwenye karatasi ya alumini, akaniambia nivae viatu. Jirani alikuwa nje anapakia mizigo kwenye gari lake la kwendea kazini. Nadhani yeye ndiye aliyempa wazo lile, kwa sababu alimkumbusha njia. "Usiende Galveston, huko kumejaa watu. Hii nyingine we drive tu mpaka barabara iishe," alisema, kisha akaniangalia kwa muda mrefu kuliko kawaida, akaingia ndani.

Tulisafiri madirisha yakiwa wazi, kwa sababu kiyoyozi cha gari kilikuwa kimekufa. Mji ulichelewa kutuachia. Baadaye yakaja mashamba ya mpunga, ng'ombe wenye ndege weupe miguuni, na anga kubwa mno. Baba hakufungulia redio. Nilidhani ni usingizi.

Barabara iliisha kweli. Mbele kulikuwa na mchanga tu, majani marefu yaliyolazwa na upepo, na bahari ya rangi ya chai ya maziwa. Hapakuwa na duka, hapakuwa na mtu. Magogo makubwa yaliyoletwa na mto yalilala ufukweni yamekauka na kuwa meupe, na mwani ulitoa harufu kali kuliko dagaa wetu. Ndege wenye midomo kama mifuko walipita juu ya mawimbi kwa mstari, kimya kabisa.

Baba alisimama akiangalia. Yeye alikulia Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika.

"Kwetu ukisimama ziwani unaona milima ya Kongo ng'ambo," akasema. "Hapa hakuna ng'ambo."

"Mama yuko upande gani?"

Akafikiri, akanyoosha mkono kushoto, kulikotokea jua. "Huko. Mbali huko."

Tulikula tumeegemea gari, mchanga ukiingia kwenye ugali. Alipomaliza aliosha mikono kwa maji ya chupa, akaendelea kuiosha hata ilipokuwa safi.

"Mwanangu, mama haji mwezi huu."

"Atakuja mwezi gani?"

"Serikali imesimamisha safari za wakimbizi. Sijui mpaka lini. Nimejua tangu wiki iliyopita, nimeshindwa kukwambia nyumbani."

"Okei," nikasema. Kiingereza nilikitumia hivyo, kama mlango wa kumfungia nje.

"Usiniambie okei. Kama unataka kulia, lia. Hapa hakuna wa kutusikia."

Sikulia. Nilisimama nikaanza kutembea, kushoto.

Nilitembea sana. Nilikwepa viumbe vya buluu vilivyotupwa na mawimbi, vimevimba kama mifuko ya plastiki, nikaruka magogo, na kila nilipofika mahali nilikuta mahali pengine panapofanana na hapo. Nilipogeuka, baba alikuwa nyuma yangu, mbali, ameshika viatu vyangu. Hakuniita. Nikikaza mwendo, anakaza; nikisimama, anasimama. Gari lilikwisha kuwa nukta, kisha likapotea.

Miguu iliponishinda nilikaa kwenye gogo. Akaja, akakaa upande wa pili wa gogo lilelile. Upepo ulikuwa mkali, kwa hiyo ilinichukua muda kuelewa kwamba sauti niliyokuwa naisikia ni yeye analia. Sikuwa nimewahi kuisikia.

"Nilikuwa nakuona unavyopangusa kabati," akasema.

Nikasogea, nikasogea tena, mpaka bega lake. Tulikaa hapo hadi jua lilipoanza kutuchoma shingo, ndipo akanivalisha viatu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nikiwa mdogo sana, tukarudi tukipigana na upepo.

Hatukwenda tena Matagorda. Yale majengo ya Sharpstown yamepakwa rangi nyingine, na jirani alihama bila mimi kujua alikokwenda. Baba yuko Fort Worth sasa, magoti yanamsumbua, na hanifuati tena kwa miguu popote.

Mama alikuja. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimempita kimo. Usiku ule wa kwanza alifungua begi lake, akatoa gauni la kitenge alilolishona mwenyewe kambini, vipimo akavitoa kichwani, vya mtoto aliyeagana naye. Mikono yangu haikuingia. Tulilishikilia kifuani kwangu mbele ya kioo, tukacheka wote, na mdogo wangu, ambaye hakunijua, akacheka pia. Kisha mama akalikunja vizuri, akaingia bafuni, akafungulia maji, na maji yakaendelea kutiririka kwa muda mrefu.