Neno Lisilo na Vokali

Jana, katika duka moja la mtaa wa Chilinde, niliwasha kinanda cha zamani. Kikatoa harufu ya plastiki yenye vumbi, nami nikajiona tena mtoto darasani, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Mwalimu alitaka neno la Kiingereza lisilo na a, e, i, o wala u. Wenzangu wakainamia madaftari. Mimi, mgeni kutoka Uvira, nikaandika ubaoni "rhythm", neno lililoandikwa kwenye kitufe cha kinanda, kile alichobonyeza baba kanisani kuanzisha ngoma.

"Lisome," akasema mwalimu.

Sikujua linavyosomwa. Nikaupiga ule mdundo mezani kwa viganja, darasa zima likanifuata kwa makofi.

Jioni ile, bombani, mama aliwaambia majirani wote: "Mutoto wangu njo alifundisha batoto ba Malawi Kingereza!"

Nilibeba ndoo yangu kichwani nimenyoosha shingo, halikumwagika hata tone.